Dondoo muhimu: Juni 30 kwa baiskeli mjini Kalemie

Sikukuu ya Uhuru wa DRC hunoga ukizunguka mji kwa baiskeli, ila jipange.

1. Uliza kwanza kama gwaride lipo. Mwaka 2020 lilifutwa nchi nzima.
2. Pita kulia. Wageni kutoka Kigoma, Tanzania, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, husahau, maana kwao hupita kushoto.
3. Bendera ikipandishwa, shuka usimame wima.
4. Usikate safu ya wanafunzi wanaoandamana, hata ukiona mwanya.
5. Usipige picha askari, bandari wala stesheni bila ruhusa. Udadisi huo utakuharibia siku nzima.
6. Ni kiangazi: funga kitambaa puani, vumbi la pikipiki halina adabu.
7. Ufukweni sukuma baiskeli, mchanga huponza mnyororo.
8. Beba noti ndogo za faranga. Ukinunua samaki wa kukaanga, chenji ni shida.
9. Rudi kabla ya giza.