Ofisini Asubuhi, Darasani Jioni: Vidokezo 9 kwa Anayesomea Kuendesha Asasi

Saa kumi na moja jioni. Umetoka kwenye kikao kilichotakiwa kuisha saa nane, mkoba umejaa risiti za maji na nauli za washiriki, na kipindi cha uzamili kinaanza saa kumi na mbili upande wa pili wa jiji. Foleni nayo haijali kwamba wewe ni meneja wa miradi. Karibu chamani! Wanaosomea kuendesha mashirika na vikundi vya jamii huku wakiviendesha ni wengi, na wanamaliza. Ujanja wao mkubwa ni mmoja: wameligeuza shirika lao kuwa daftari. Shika kalamu basi, au shika bomba kama uko kwenye daladala umesimama, tuanze.

1. Jina la kozi lisikuteke

Ukitafuta kozi iliyoandikwa "Usimamizi wa Asasi za Kiraia" mlangoni, utazunguka sana. Kwetu Tanzania somo hili hujificha ndani ya majina mengine: maendeleo ya jamii, usimamizi wa miradi, utawala wa umma. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa 1992, kiliendesha uzamili wa maendeleo ya uchumi wa jamii kwa kushirikiana na Southern New Hampshire University ya Marekani. Jina halitaji asasi, lakini kina mama wa vikoba wamo humo tele. Mbinu: omba orodha ya masomo, utafute vitu vinne. Fedha, sheria na bodi, kutafuta rasilimali, ufuatiliaji na tathmini. Ukiona vitatu, peleka fomu. Ukiona kimoja, hapo unanunua jina. Na kama chuo ni cha nje au kinafundisha kwa intaneti, ulizia Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kama cheti chake kinatambulika. Ulizia kabla ya ada, tafadhali, usisubiri joho.

2. Beba katiba ya shirika kama unavyobeba chaja

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote, kwa hiyo nivumilie. Kila zoezi unalopewa lifanye kazi mbili: likupe alama, na liache kitu ofisini. Umeambiwa uandike kurasa tano kuhusu bodi? Usiandike kuhusu shirika la kwenye kitabu. Fungua katiba yenu.

Mimi nilifungua ya kikundi chetu, ile iliyokaa kabatini chini ya kalenda za miaka iliyopita, nikakuta imeandikwa wazi kwamba mweka hazina anachaguliwa kila baada ya miaka mitatu. Wetu alikuwa na tisa. Tena ndiye aliyekuwa akiandika vocha, akitia saini benki na kutunza ufunguo wa sanduku. Mtu mwema kabisa, hakuna senti iliyopotea, lakini siku angeugua tungefunga ofisi! Zoezi lile lilinipa alama nzuri, na kikundi kikapata ajenda ya mkutano mkuu. Anza leo: piga picha katiba, sera ya fedha na ripoti ya mwisho ya ukaguzi, uziweke kwenye simu. Nusu ya mazoezi ya mwaka wa kwanza yamo humo. (Ukitaka kuzitumia darasani, omba ruhusa ya bosi na ufute majina ya watu.)

3. Leja haiumi

Wengi wetu tulikuja kwenye kazi hizi kwa sababu tunapenda watu, na hesabu tuliziacha kidato cha nne kwa furaha. Sasa somo la fedha linakutazama. Tulia. Mfikirie mama ntilie: hela ya mkaa ina kibubu chake, ya mchele ina chake, na hata wali ukigombewa na wateja hagusi ya mkaa kununulia nyanya. Hizo ndizo fedha zenye masharti. Faida iliyobaki jioni, anayoifanyia atakavyo, ndiyo fedha huru. Ukishaelewa hapo umevuka mto.

Zoezi la wiki hii: chukua robo mwaka iliyopita, weka bajeti kushoto na matumizi halisi kulia, kisha andika sentensi moja tu pembeni ya kila tofauti kubwa. Utajikuta umejibu swali la mtihani na swali la mfadhili kwa karatasi moja. Na yale masurufu ya safari ya mwezi uliopita, umeyarejesha?

4. Soma sheria kwa macho yako mwenyewe

Ni fupi kuliko unavyodhani. Tanzania tuna Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002, na marekebisho yake ya 2019 yaliweka muda wa cheti cha usajili kuwa miaka 10. Kenya ina hadithi tamu zaidi kwa mwandishi wa insha: sheria yao ya mashirika ya manufaa ya umma ilipitishwa 2013, ikaanza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Mtoto aliyezaliwa sheria ile ikipitishwa alikuwa ameshajua kugawa kwa njia ndefu! Mbinu ya dakika mbili: tazama tarehe kwenye cheti chenu ukutani, weka kengele ya kukumbusha kwenye simu. Kuna mashirika yatakayokushukuru kwa kengele hiyo tu.

5. Chora chapati ya mapato

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa tathmini ya siku 90, na kufikia tarehe 1 Julai mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa rasmi. Afrika Mashariki nzima tuliona: magari yameegeshwa, mikataba imekatwa, wahudumu wa jamii wamerudi nyumbani. Somo la kutafuta rasilimali, lililokuwa la kusinzia baada ya chakula cha mchana, likawa la kugombea viti vya mbele.

Kwa hiyo chora duara, uligawe kama chapati kwa kila chanzo cha fedha cha shirika lako. Kuna kipande kimoja kinachozidi nusu? Umeshapata mada ya insha, labda hata ya tasnifu. Halafu usikimbilie kuandika "tutatafuta wafadhili wengine", maana kila mtu anaandika hivyo na wafadhili ni walewale. Uliza mambo ya karibu: ada za wanachama zinalipwa kweli au zimo kwenye katiba tu? Ukumbi wenu unakaa tupu siku ngapi kwa wiki? Je, mafunzo mnayotoa bure, kuna kampuni ingelipia wafanyakazi wake? Mwanafunzi anayekuja na hesabu za kukodisha viti na maturubai anaweza kuchekwa dakika ya kwanza. Dakika ya pili watu wanaandika.

6. Hesabu miche iliyoshika

Somo la ufuatiliaji na tathmini lina misamiati ya kutisha, ila Wangari Maathai angekufafanulia kwa mche mmoja. Katika Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti aliyoianzisha Kenya 1977, kina mama walilipwa malipo madogo kwa mche uliopona, siyo kwa kuuchomeka ardhini tu. Rudi sasa kwenye ripoti yenu. "Vijana 200 walihudhuria semina" ni mche uliochomekwa. Wangapi wanatumia walichojifunza miezi sita baadaye? Wapigie simu kumi tu kati yao. Nauli hulipi, na una data ya zoezi.

7. Ada ina njia nyingi, kausha damu siyo mojawapo

Mikopo ile ya marejesho ya kila siku iache ipite. Kama unataka kwenda kusoma Uingereza, ufadhili wa Chevening hutaka angalau miaka miwili ya uzoefu wa kazi, na uzoefu unao, au siyo? Ukimaliza unatakiwa kurudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Huwezi kuacha watoto na ofisi? Ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa masomo ya mbali hukuwezesha kusoma uzamili wa chuo cha Uingereza ukiwa hapahapa. Na kabla ya yote, mwandikie bosi barua ya ukurasa mmoja: taja mazoezi matatu utakayolifanyia shirika bure. Asipolipa ada, huenda akakupa Ijumaa mchana.

8. Kundi la kusoma liendeshwe kama kikoba

Makundi ya kusoma hufa wiki ya tatu, wakati vikundi vya kuweka na kukopa, vya mtindo ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger 1991, vimeenea hadi vijijini kwetu na vinadumu. Vina nini? Siku maalumu, faini ya kuchelewa, na sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake zinakaa kwa watu watatu. Iga! Watu watano, Jumamosi asubuhi, faini ya andazi. "Funguo" gawaneni: mmoja fedha, mmoja sheria, mmoja takwimu, kila mtu anafundisha chake. Bila yule wa takwimu sanduku halifunguki, kwa hiyo mlee vizuri.

9. Tasnifu: mpe jirani akuulizie

Chagua swali dogo linaloweza kujibiwa na watu unaoweza kuwafikia kwa bajaji. Barua zianze mapema: ya chuo, kisha mkoa, wilaya, kata, hadi mtaa; na Kenya utahitaji kibali cha utafiti cha NACOSTI. Kila meza ina mtu ambaye "ametoka kidogo".

Hatari kubwa ipo kwingine. Ukilichunguza shirika lako mwenyewe, nani atakwambia ukweli? Mama aliyepata mbuzi kwenu atasema mradi ni mzuri mno, maana anaogopa awamu ya pili isimpite. Mbinu niliyoiiba kwa wenzangu: badilishaneni na mwanafunzi mwenzako, kwa ruhusa ya wasimamizi wenu. Yeye awahoji watu wako, wewe uwahoji wake, na majina msipeane. Andika kwenye sura ya mbinu kwamba mlifanya hivyo na kwa nini.

Ukimaliza, ifupishe iwe ukurasa mmoja wa Kiswahili uwasomee waliokupa majibu, pale pale chini ya mwembe. Mimi nilisoma yangu kwa mbwembwe zote, asilimia na nini. Nilipouliza kama kuna maswali, mzee mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Sawa, mwalimu. Na yule mweka hazina, uchaguzi lini?"