Kompyuta Kabla ya Kwenda kwa Fundi

Kompyuta ya shule ikipasuka kioo, hupakiwa kwenye basi kutoka Tukuyu kwenda Mbeya, au kutoka Mafinga kwenda Iringa. Ndani yake yamo majina ya wanafunzi, alama zao, namba za simu za wazazi, pengine hata barua za nidhamu. Fundi anahitaji kioo tu, lakini hukabidhiwa vyote.

Wengi hufuta mafaili wakidhani yametoweka. Katika diski ya sumaku, kufuta huondoa anwani ya faili, si maandishi yenyewe. Ni sawa na kufuta jina la mwenye shamba katika daftari la kijiji: mahindi bado yamesimama, mpaka mwingine alime juu yake. Nywila ya kuingilia nayo hailindi kitu, diski isiyosimbwa ikiunganishwa na kompyuta nyingine.

Kinga yenyewe ni kuisimba diski nzima mapema, kompyuta ikiwa bado nzima. Ufunguo wa biti 128 waweza kuwa mmojawapo wa funguo 2¹²⁸, namba yenye tarakimu 39, hakuna awezaye kuzijaribu zote (ilimradi nywila isibandikwe kwenye kifuniko!).

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, humtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde. Kwa hiyo kompyuta isiyosimbwa ifunguliwe parafujo, diski itolewe na kubaki kabatini shuleni. Kioo hubadilishwa bila hiyo. Iwapo diski imeunganishwa moja kwa moja na bodi, mwalimu akae na fundi mpaka kazi iishe.