TAA YA BREKI ISIYOZIMIKA

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika somo la Fizikia twafundishwa kwamba sumaku ikisogea karibu na koili ya waya, umeme huzaliwa ndani ya waya ule. Jambo hili liligunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831. Wengi wetu hulikariri kwa ajili ya mtihani tu. Kumbe kila siku lawalinda wasafiri katika mteremko wa Tukuyu hadi Kyela, nami napenda kueleza machache juu yake.

Barabara yetu itokayo Uyole ikiisha kupita Tukuyu huteremka kiasi cha mita 1,000 mpaka tambarare ya Ziwa Nyasa. Mvua ya Kyela nayo mara nyingi hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Lami ikilowa, na dereva akikanyaga breki kwa nguvu, magurudumu huweza kukwama yasizunguke. Gurudumu lililokwama halifuati usukani. Motokaa huteleza kuelekea ilikokuwa ikienda, hata kama ni mtaroni. Kwa sababu hiyo zilibuniwa breki zisizoacha magurudumu yakwame, ziitwazo ABS. Kampuni ya Bosch iliziuza kwanza katika motokaa za Mercedes-Benz mwaka 1978, na leo zimo katika motokaa nyingi zinazotufikia kutoka Japani.

Kazi yake ni hivi. Penye gurudumu pana pete ya chuma yenye meno, na karibu yake pana kidude chenye sumaku na koili, ambacho mafundi hukiita sensa. Meno yakipita mbele ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa kwa mawimbi. Gurudumu likienda mbio, mawimbi huwa mengi. Kompyuta ndogo ya breki huyahesabu. Ikiona gurudumu moja lataka kukwama, hulegeza breki yake na kuikaza tena, mara kadhaa katika sekunde moja.

Ufunguo ukizungushwa, taa ya ABS huwaka kidogo, kisha huzimika. Isipozimika, kompyuta imeona hitilafu, nayo imeacha kazi yake. Breki za kawaida zingalipo, lakini magurudumu yaweza kukwama. Ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, simamisha motokaa, wala usiendelee na safari mpaka mafuta ya breki na breki zenyewe zikaguliwe.

Sasa tuitafute hitilafu kwa utaratibu.

Kwanza, pima betri. Ikiwa nzima na injini imezimwa, hutoa kama volti 12.6, injini ikinguruma, volti 13.8 hadi 14.5. Umeme ukipungua, taa yaweza kuwaka bila kosa lolote magurudumuni. Kisha tazama fyuzi.

Pili, iulize kompyuta. Mashine ya kusoma kompyuta za magari itakupa namba ya kosa. Katika Toyota nyingi za zamani yatosha kuunganisha kwa waya tundu la 4 na la 13 katika soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani, kisha kufungua ufunguo na kuhesabu taa inavyopepesa. Ikipepesa mara tatu, ikapumzika, ikapepesa mara moja, hiyo ni 31, yaani gurudumu la mbele kulia. Namba 32 ni la mbele kushoto, 33 la nyuma kulia, na 34 la nyuma kushoto. Jihadhari na tundu la 16, maana lina umeme wa betri daima.

Tatu, pima kabla ya kununua. Namba hutaja njia nzima ya umeme: sensa, waya, plagi na pete ya meno. Haisemi kwamba sensa imekufa! Hapo ndipo fedha nyingi za wazee wetu hupotea.

Mfano ni motokaa ya baba yangu mdogo, iliyotoa namba 31. Karakana moja ilimwuzia sensa mpya, na taa ikaendelea kuwaka. Wakati wa likizo tuliipima pamoja na fundi jirani. Penye plagi ya sensa tulipata ohmu 1,200. Ya kushoto ilitoa 1,180. Kwa kuwa zilikaribiana, sensa ilikuwa nzima. Tukaondoa waya wa betri, tukachomoa plagi ya kompyuta, tukapima njia ile ile kutoka upande huo. Mita haikuonyesha kitu. Basi kosa lilikuwa katikati, na kweli, waya ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake pale unapokunjwa kila usukani ugeuzwapo; maji yalikuwa yameingia na shaba imekuwa kijani. Tulitia kipande kipya, tukakiunga kwa lehemu mbali na penye kukunjika, tukafunika maungio maji yasiingie. Namba ikafutwa, na taa ikazimika.

Kama waya nao ungalikuwa mzima, tungaliinua gurudumu kwa jeki na kulizungusha kwa mkono huku mita ikipima volti za umeme wa mawimbi. Isipocheza, pete imevunjika meno, au sensa imekaa mbali nayo. Lakini fahamu kwamba motokaa nyingi za siku hizi zina sensa za namna nyingine, ambazo hupewa umeme kwanza. Hizo hazipimwi kwa ohmu.

Kuna mchezo mmoja wa hatari: kuiondoa taa ile isionekane, kisha motokaa ikauzwa. Mnunuzi na afungue ufunguo na kutazama. Taa ya ABS isiyowaka hata mara moja ni ya kutiliwa shaka kama ile isiyozimika.

Wala breki hizi hazimpi dereva ruhusa ya kukimbia. Haziwezi kupoza breki zilizoungua kwa kukanyagwa tangu Tukuyu. Mteremkoni tumia gia ndogo. Nasi wanafunzi, tukishika mita mkononi, tukumbuke kwamba abiria hawajui tulichopima. Wao hupanda tu, wakiamini kwamba kazi imefanywa.