Somo la Ufundi: Uzi Usionyweshwa Uji

Wengi waliosoma shule za msingi katika eneo letu wanaikumbuka kaptula ya kaki iliyotiwa wanga. Mama au dada alichuja maji ya muhogo, akayapika hadi yakawa uji mwepesi unaong'aa, akatumbukiza nguo, akaikamua na kuianika. Jumatatu asubuhi kaptula ilisimama yenyewe. Kazi hiyohiyo hufanywa viwandani kwa uzi wa pamba kabla haujafumwa kuwa kitambaa, ila huko hufanywa kwa mashine ndefu kuliko darasa. Katika toleo hili tunaangazia hatua hiyo, kwa sababu ni rahisi kikundi kununua mtambo wa kufumia bila kuambiwa habari zake.

Mimi mwenyewe niliijua kwa kuchelewa. Nilikwenda kwenye karakana moja ya ufumaji kupiga picha za mtambo mpya ukifanya kazi. Uzi ukakatika, ukafungwa fundo. Ukakatika mwingine, halafu miwili kwa pamoja. Nilirudi ofisini na picha za watu wakifunga mafundo. Wengine pale walilaumu pamba, wengine wakalaumu mtambo. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kiwandani aliushika uzi, akausugua kati ya vidole viwili, akaniambia, "Mwanangu, huu haujanyweshwa uji."

Tuanze na kitambaa chenyewe. Kitambaa cha kufuma kina nyuzi za aina mbili. Nyuzi zinazonyoshwa kwa urefu wa mtambo huitwa mtande. Uzi unaopita kutoka upande hadi upande, juu ya mmoja na chini ya mwingine, huitwa mshindio. Mshindio hauna taabu kubwa, kwani huingizwa mara moja na kutulia. Mtande ndio unaoteseka. Umevutwa kwa nguvu muda wote, unapandishwa na kushushwa kila mshindio unapopita, na unasuguliwa na chanuo la mtambo linalousukuma mshindio mahali pake. Kabla kipande kimoja cha uzi wa mtande hakijawa kitambaa, huwa kimesuguliwa mara elfu kadhaa. Kitambaa cha shati chenye upana wa mita moja na nusu kinaweza kuwa na nyuzi za mtande 4,000 hivi, na mmoja tu ukikatika, mtambo mzima unasimama.

Sasa chukua uzi wa pamba uliosokotwa mara moja uutazame dhidi ya mwanga. Una vinyweleo vilivyosimama pande zote. Vinyweleo hivyo hushikana na vya uzi jirani, huchanika, na uzi hupungua unene hadi unakatika. Uji wa wanga hufanya mambo mawili. Unalaza vinyweleo na kuvifunika kwa ngozi nyembamba, na sehemu yake inaingia ndani kidogo na kuzigandisha nyuzinyuzi za pamba pamoja. Mambo yote mawili yanahitajika. Ngozi isiyo na mizizi ndani ya uzi hubanduka, na uji uliozama wote ndani huufanya uzi mgumu kama kijiti huku vinyweleo vikibaki nje.

Baadhi ya wafumaji wa mikono watasema wamefuma miaka mingi bila wanga. Ni kweli, na sababu ni kwamba hutumia uzi wa mikono miwili, yaani nyuzi mbili zilizosokotwa tena pamoja. Uzi huo hujilinda wenyewe, lakini bei yake ni ya juu. Anayetaka kutumia uzi wa kawaida, ulio rahisi zaidi, hana budi kuupaka wanga.

Kwa nini jambo hili lituhusu sisi? Pamba imelimwa Nyanza tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na wazee wa Karachuonyo wanaikumbuka mizigo ikipelekwa kiwanda cha kuchambua pamba cha Kendu Bay. Kuchambua ni kutenganisha pamba na mbegu, basi. Kusokota, kupaka wanga na kufuma vilifanyika kwingine. Kwa miaka mingi kwingine huko kulikuwa karibu, Kisumu, katika kiwanda cha KICOMI, hadi kilipoanguka miaka ya 1990 wakati soko la pamba lilipoachiwa huru na mitumba ikajaa sokoni. Kiwanda cha Rivatex cha Eldoret kilipitia masaibu hayohayo, kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na kuzinduliwa upya kikiwa na mitambo mipya Juni 2019. Mkulima wa hapa akiuza pamba, anauza mali ambayo bado ina safari ndefu. Kila hatua ya safari hiyo isiyofanyika nyumbani ni ajira iliyo mahali pengine.

Hatua hii ya wanga inatugusa kwa namna ya pekee, kwa kuwa dawa yake inamea mashambani mwetu. Muhogo wa Migori na Homa Bay hutoa wanga mweupe usio na harufu, unaopikika kwa urahisi kuliko wa mahindi. Chembechembe zake huanza kuvimba na kupasuka maji yakifika nyuzi joto 60 hadi 70, ilhali wanga wa mahindi hutaka moto zaidi kidogo. Tatizo lake ni kwamba uji wake huwa mzito na wa kuvutika, na uji mzito hauingii ndani ya uzi. Kwa hiyo viwandani wanga hulainishwa kwanza kwa asidi kidogo au kwa njia nyingine ili uwe mwepesi hata unapowekwa mwingi. Huongezwa pia shahamu au nta kidogo ili ngozi ya wanga ipindike bila kupasuka.

Mashine yenyewe ifikirie kama barabara moja iliyonyooka. Mwanzoni kuna rola kubwa kadhaa, kila moja imezungushiwa mamia ya nyuzi. Nyuzi za rola zote hukusanywa kuwa shuka moja pana, na shuka hiyo huingia katika sanduku la uji lenye joto la nyuzi 85 hadi 95. Humo rola moja huizamisha ndani ya uji, kisha hupita kati ya rola mbili nzito zinazoikamua. Kutoka hapo hugawanywa makundi ingali mbichi, ili nyuzi zisigande pamoja, na kuzungushwa juu ya silinda za chuma, mara nyingi kumi au zaidi, zilizojaa mvuke wa moto ndani. Silinda za kwanza hufunikwa kwa teflon, ile ile ya sufuria zisizoshika chakula, kwa sababu uzi wenye uji mbichi hunata. Mwishoni kuna fimbo zinazotenganisha nyuzi zilizoshikana, chanuo la kuzipanga, na rola itakayokwenda kwenye mtambo wa kufumia.

Watu wengi wakisimuliwa mashine hii hushangazwa na sanduku la uji. Mafundi hukesha kwenye silinda. Kukausha ndiko kunakoweza kuharibu kazi nzima, na ndiko kunakokula fedha.

Akina mama wanaoanika omena Mbita hawahitaji kufundishwa sana hapa. Omena wakianuliwa mapema huoza ndani ya gunia. Wakipitishiwa jua huvunjika na kuwa unga kabla ya kufika sokoni. Uzi ni vivyo hivyo. Ukitoka kwenye silinda ukiwa mbichi, nyuzi hushikana kwenye rola na baada ya siku chache hutoa ukungu, hasa huku kwetu ziwani ambako hewa ina unyevu. Ukikaushwa kupita kiasi, ngozi ya wanga huwa kama ganda la yai, hupasuka na kudondoka kama vumbi chini ya mtambo, nao uzi hupoteza ule uwezo wa kunyumbuka kidogo na kurudi. Kiwango kinachotafutwa kwa pamba ni unyevu wa asilimia 6 hadi 8 hivi. Pamba kwa asili yake hupenda kubaki na unyevu wa kiasi hicho, hivyo kuukausha uzi hadi chini ya hapo ni kuchoma kuni ili kuharibu mali.

Hesabu ya moto ni hii. Tuseme tuna kilo 100 za uzi na tunataka ubebe kilo 12 za wanga mkavu. Tukitumia uji wenye wanga asilimia 10, uzi utapaswa kubeba kilo 120 za uji, na kilo 108 kati ya hizo ni maji ya kugeuzwa mvuke. Kukausha kilo moja ya maji juu ya silinda huhitaji takriban kilo 1.4 za mvuke kutoka kwa boila, yaani zaidi ya kilo 150 za mvuke kwa jumla. Sasa tuzikaze rola za kukamulia ili uzi ubebe kilo 90 tu za uji. Ili wanga ubaki kilo 12, uji utalazimika kuwa na wanga asilimia 13 na kidogo juu. Maji ya kukausha yatakuwa kilo 78. Tumeokoa kilo 30 za maji kwa kila kilo 100 za uzi, na mvuke unaopungua ni zaidi ya kilo 40. Maji yanayokamuliwa na rola hayagharimu chochote ukilinganisha na yanayofukuzwa kwa moto. Ndiyo sababu ya kuhangaika kupata wanga unaobaki mwepesi hata ukiwa mwingi, na ndiyo sababu mtu akikuuzia mashine, swali la kwanza la kumuuliza ni kuhusu rola za kukamulia.

Kikundi chenye mitambo miwili ya mikono hakihitaji boila. Chota gramu 40 hadi 50 za wanga wa muhogo kwa kila lita ya maji. Ukoroge kwanza na maji baridi usiwe na madonge, kisha upike ukikoroga hadi ung'ae. Tia kijiko cha mafuta magumu. Uzi ukiwa bado katika mafungu, uloweshe maji moto kwanza, kwani uzi mkavu haunywi uji sawasawa. Uzamishe, ukamue kwa nguvu na kwa usawa, kisha utundike kwenye kijiti ukiwa umevutwa kidogo kwa uzito mwepesi chini yake. Mwendo wa kukung'uta na kutenganisha nyuzi uanze uzi ukiwa nusu mkavu. Ukingoja ukauke kabisa utaukata. Anika kivulini penye upepo. Upepo wa ziwa wa alasiri unafaa kuliko jua la saa saba. Asubuhi yenye umande usianze kabisa.

Uingereza nako ilikuwa hivyo zamani. Mfumaji wa mikono alilazimika kusimamisha kazi kila baada ya muda mfupi ili aupake mtande uji na kuungoja ukauke. Mtambo wa kufuma kwa nguvu za mashine ulikuwa umekwishabuniwa tangu 1785, lakini kusimama huko kuliunyima faida. Mwaka 1803 na 1804 William Radcliffe wa Stockport na fundi wake Thomas Johnson walipata hataza za mashine ya kupaka na kukausha mtande mzima kabla ya kuupeleka kwenye mtambo.

Wanga huu haukai kwenye nguo. Kitambaa kikishafumwa lazima uoshwe wote utoke, la sivyo rangi haitashika. Hapa pana ujuzi mwingine uliomo majumbani mwetu. Anayepika uji wa wimbi kwa kimea anajua jinsi kimea kinavyougeuza uji mzito kuwa majimaji. Ndani yake mna kimeng'enya kinachoukata wanga kuwa sukari, na viwanda vilitumia kimea kwa kazi hii kabla ya kuanza kununua kimeng'enya kilichotengenezwa tayari. Kitambaa kikilowekwa katika maji yenye kimea, yakiwa ya moto wa nyuzi 55 hadi 65, wanga huyeyuka bila kuidhuru pamba. Maji yakichemka, kimeng'enya hufa na kazi husimama.

Maji hayo yaliyotumika ndiyo yanayotutia hofu sisi watu wa ziwani. Yanaonekana safi, hayana sumu, lakini yamejaa chakula cha bakteria. Yakimwagwa mtoni, bakteria huyala na kuimaliza oksijeni ambayo samaki wanaihitaji. Katika viwanda vya nguo za pamba, uchafu wa aina hii unaotokana na kuondoa wanga mara nyingi hukaribia nusu ya uchafu wote wa aina hiyo unaotoka kiwandani. Kanuni za kitaifa za ubora wa maji za mwaka 2006, zilizosimamiwa na NEMA, hazikuruhusu maji yanayotolewa katika mazingira yahitaji zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita katika kipimo cha siku 5. Maji ya kuondoa wanga yanapotoka kwenye beseni hupita kiwango hicho mara nyingi sana. Kiwanda hutakiwa kuwa na mabwawa ya kuyasafisha. Kikundi kidogo kiyamwage shambani, kwenye migomba au kwenye shimo la mboji, mbali na kisima na mbali na mto.

Kujua kama wanga umetoka wote, dondoshea kitambaa tone la ayodini, ile dawa ya vidonda ya dukani, iliyozimuliwa kwa maji. Pakigeuka buluu nyeusi, wanga bado upo. Rudisha kitambaa kwenye maji ya kimea.