Picha na Umbo katika Alama za Barabarani: Mfano wa Mkoa wa Katavi

Makala haya yanajadili dai kwamba alama ya picha hueleweka kwa watu wote, bila kujali lugha wala utamaduni. Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, wafaa kulipima dai hilo. Humo wamo Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, wafugaji Wasukuma, na jamii za Katumba na Mishamo zenye asili ya wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972.

Kwa mujibu wa Peirce, ikoni hufanana na kinachowakilishwa, ilhali simboli hutegemea makubaliano. Alama ya barabarani ni vyote viwili. Tuchukue mchoro wa ng'ombe. Kila mfugaji humtambua ng'ombe huyo. Lakini mchoro hausemi iwapo ng'ombe waruhusiwa, wakatazwa au watarajiwa kupita. Maana hiyo imo katika umbo: pembetatu yenye ukingo mwekundu huonya, duara lenye ukingo huo hukataza. Uhusiano huu ni wa kinasibu, kama ule wa neno na maana yake, na Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 ulikusudia kuusawazisha kimataifa.

Hivyo, dereva atokaye Mpanda kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Katavi, akiona mnyama ndani ya pembetatu akadhani anaelekezwa penye kivutio, ameisoma picha, hakuisoma alama. Kosa hilo laweza kugharimu uhai. Tunahitimisha kwamba sarufi ya maumbo haina budi kufundishwa, na Kiswahili, lugha inayoziunganisha jamii hizi, ndicho chombo chake.