MATAIRI YA GARI LA CHAMA: SOMO KWA WAJUMBE WA KAMATI NA MAKATIBU MAMENEJA



Katika vyama vyetu vingi gari la chama ni moja tu, nalo aghalabu ni Land Rover au Toyota Land Cruiser yenye uwezo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne. Gari hilo ndilo lipelekalo mbolea vijijini wakati wa mvua, na ndilo lishushalo kahawa kutoka milima ya Mbinga hadi kwenye lami iendayo Songea. Kamati hujadili kwa makini bei ya dizeli, lakini ajenda ya matairi ikifika, shauri hukatwa kwa dakika mbili: yanunuliwe mawili ya bei nafuu, fundi ataona pa kuyafunga. Somo letu linahusu dakika mbili hizo.

Gari la kawaida huvuta kwa magurudumu mawili tu, na mengine hufuata. Land Cruiser ya kazi nayo huenda hivyo, mpaka dereva aingize gia ya kuvutia magurudumu manne. Hapo shafti ya mbele na ya nyuma hufungamana, zikalazimika kuzunguka kwa mwendo mmoja. Sasa tuchukue tairi jipya lenye kipenyo cha sentimita 80, na jingine la namba ile ile lililolika hadi sentimita 78. La kwanza huzunguka mara 398 hivi katika kilometa moja. La pili mara 408. Mapya yakifungwa nyuma na makuukuu mbele, magurudumu ya mbele hudai mizunguko 10 zaidi kwa kila kilometa, na mashine inayakataza. Kwenye tope ugomvi huo huisha wenyewe, maana tairi huteleza kidogo. Kwenye lami hakuna pa kuteleza. Usukani huwa mzito, gia hukataa kutoka, na meno ya giaboksi ndogo hubeba mzigo ambao hayakuundiwa. Dereva hulaumiwa kwamba ameua gari, kumbe gari liliuliwa siku ya kikao.

Land Rover Defender huvuta kwa magurudumu manne wakati wote, nayo ina difu ya kati ya kupatanisha mbele na nyuma. Wengine hudhani kwa hiyo haidhuriki. Difu hiyo imewekwa kwa ajili ya kona. Ikilazimishwa kufanya kazi safari nzima bila kupumzika, hupata moto na kulika. Dereva akiifunga ili atoke matopeni, hali huwa ile ile ya Land Cruiser.

Kabla ya kulipa, mjumbe na asome ubavu wa tairi yeye mwenyewe. Tairi lililoandikwa 7.50R16 lina upana wa inchi 7.50 na hukaa kwenye rimu ya inchi 16. Herufi R huonyesha kwamba nyuzi zake za ndani zimepita moja kwa moja toka ukingo hadi ukingo. Lililoandikwa 7.50-16, lenye kistari mahali pa R, nyuzi zake zimepishana. Yote mawili huingia katika rimu moja, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Mbavu zake hazijikunji sawa gari linapokata kona, na gari lenye mchanganyiko huo laweza kumtoka dereva mtelemkoni likiwa na shehena na watu. Aina hizo mbili zisichanganywe kamwe.

Ipo pia namba ya mzigo: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 116 ni kilo 1,250. Tarehe ya kutengenezwa ni tarakimu nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililolala ghalani miaka mingi hukauka, hata kama meno yake ni mazima.

Kwa maoni yetu, chama kinunue matairi matano kwa pamoja, ya namba moja, aina moja na meno ya namna moja, kisha la akiba liingizwe katika zamu ya kuhamishwa ili yote yalike sawasawa. Fedha zisipotosha, ni afadhali kukodi lori kwa mwezi mmoja kuliko kufunga jozi mbili zisizofanana. Fundi apime mzingo wa kila tairi kwa futi ya kamba, upepo ukiwa umelinganishwa na matairi yakiwa baridi, na vipimo viandikwe katika daftari la gari.

Likipasuka tairi njiani, na la akiba likawa la namba na aina ile ile ila halijalika kama mengine, dereva wa Land Cruiser alifunge mbele, hata kama lililopasuka ni la nyuma. La mbele lililo zima lihamie nyuma. Afungue loki za magurudumu ya mbele, aendeshe kwa magurudumu mawili, polepole, hadi kwa fundi wa kuziba. Wa Defender hana njia hiyo. Yeye apunguze mwendo na asifunge difu ya kati akiwa kwenye lami.