Bip ya alfajiri: tunasema nini tunapobipa?

Nilipoanza masomo hapa Lubumbashi, jambo lililonikera kuliko kukatika kwa umeme lilikuwa bip za mama yangu. Mama anaishi Likasi, anauza lengalenga na matembele sokoni. Kila alfajiri, kabla hajatoka nyumbani, simu yangu ililia mara moja ikanyamaza. Natazama: Mama. Naamka na moyo unadunda, nampigia kwa inite chache nilizobakiza jana yake.

– Mama, kuna nini?

– Hakuna. Uliamka?

– Niliamka.

– Aya, kazi njema.

Inite zimekwisha. Mchana nikitaka kumuuliza mwenzangu kama silabusi imetoka, sina kitu. Wenzangu wa homu walicheka, lakini kila mmoja alikuwa na wake: huyu ana binamu anayebipa usiku wa manane, yule ana dada anayebipa mara saba mfululizo kisha hapokei ukimpigia. Tulikubaliana kwamba watu wanaobipa ni wabahili. Leo naona kwamba upande wangu nilikosea kusoma, na kosa lenyewe ni la fani yetu hasa.

Kwanza neno. Wafaransa walikuwa na *biper* tangu enzi za vile vidude vya kuwaitia madaktari hospitalini. Kwetu simu ya mkono ilipoingia, neno likapata kazi nyingine: kumpigia mtu na kukata kabla hajapokea. Mjini tunasema *kubipe*, kwa ile e ya mwisho tunayowaachia vitenzi vingi vya Kifaransa, lakini nasikia pia *tubipane* na *anabipaka*. Kitenzi kilichokwisha kukubali -ana na -ka si mgeni tena nyumbani. Tanzania wanasema *kubipu*. Nitaandika *kubipa*, ili nisigombane na viambishi.

Jambo lenyewe linawezekana kwa sababu ya namna ya kulipia. Kwetu anayelipa ni anayepiga, naye halipi mpaka mwenzake apokee. Kati ya mlio wa kwanza na kupokea kuna nafasi ndogo isiyo na bei, na humo ndimo watu wamejenga lugha. Marekani kwa miaka mingi anayepigiwa naye alikatwa dakika zake. Kwa mpango huo, kumbipa mtu ili akupigie kusingekuokoa, maana akikupigia nawe ungelipa.

Mtafiti Jonathan Donner aliwahoji watu wa Rwanda, jirani zetu, na mwaka 2007 akachapisha makala kuhusu kanuni za kubipa. Alitenganisha aina tatu. Kuna bip inayosema “nipigie”. Kuna bip ya mapatano, ambayo maana yake imepangwa mapema: nikikubipa, toka nje, nimefika. Na kuna bip ya uhusiano, isiyoomba kitu wala kuarifu kitu, inayosema tu kwamba nakuwaza. Zote tatu zina sauti moja, na simu haikuambii umepokea ipi.

Aina ya pili tunaijua sana kwenye promosheni yetu. CP wetu ana orodha ya watu wachache. Profesa akiingia, CP anambipa mmoja wa kila homu, na huyo anawaamsha wengine. Mambo yalikwenda vizuri mpaka asubuhi moja mwenzetu, mwepesi wa mkono, alipoikamata bip ile kabla haijakatika. “Allo? Allo?” CP alisikika akinong'ona kwa hasira kutoka safu ya mbele, inite zake zikayeyuka. Baadaye alimwambia mbele ya wote: “Wewe hujui kuishi na watu.” Mwenzetu alishangaa. Simu imelia, amepokea, kosa liko wapi? Lakini sote tulijua kwamba amekosa. Pale ndipo nilipoanza kuamini kwamba kubipa kuna kanuni. Mahali ambapo mtu anaweza kukosea na wengine wakamlaumu bila kufungua kitabu, pana sarufi.

Kanuni kubwa, na Donner aliikuta Rwanda vilevile, ni kwamba mwenye nacho ndiye anayelipa. Mdogo anambipa yaya, asiye na kazi anambipa aliyeajiriwa. Kwa hiyo bip ya “nipigie” ina maneno mengine chini yake: wewe ndiwe mwenye nacho kati yetu wawili. Nadhani nusu ya hasira yetu pale homu ilitoka hapo. Binamu anayenibipa ananipa cheo ambacho mfuko wangu haukijui. Amesikia niko chuo kikuu. Basi mimi ni mkubwa. Kutompigia ni kukana ukubwa, kumpigia ni kulala na njaa.

Kanuni hiyo ina mipaka. Kijana anayemtongoza msichana habipi. Anapiga na kulipa, hata kama amekopa inite. Wanyarwanda walimwambia Donner hivyohivyo. Na hapa chuoni nimeona kanuni mbili zikigongana. Mwalimu mmoja aliingia darasani amekasirika kwa sababu mwanafunzi alimbipa kuhusu sahihi ya karatasi yake. Mwanafunzi alifuata kanuni ya mwenye nacho: mwalimu ana mshahara. Mwalimu alifuata kanuni nyingine: anayeomba ndiye anayebeba gharama ya kuomba. Hapakuwa na mjinga kati yao, lakini nakiri kwamba niko upande wa mwalimu, na mshahara wake nisingeutaja kama hoja.

Sasa nirudi kwa mama.

Kwenye mwezi wa tatu nilichoka. Nilimpigia nikasema, kwa adabu lakini kwa sauti kavu: “Mama, usinibipe tena. Kama kuna neno, tuma ujumbe.” Alinyamaza kidogo akasema sawa. Mama hasomi vizuri, na kuandika kwenye vitufe vile vidogo hawezi. Nililijua hilo nilipokuwa nikisema.

Bip zilikoma. Wiki mbili nililala mpaka jua linatoka. Kisha Jumamosi moja mdogo wangu akasimama mlangoni pa homu, amebeba unga wa mahindi na samaki wakavu, ametoka Likasi asubuhi, kilomita kama mia moja na ishirini. Nilimuuliza kuna msiba gani. Akasema: “Hakuna. Mama alisema nikuone na macho.” Nauli ya kuja na kurudi ingeninunulia inite za mwezi.

Jioni nilimpigia mama. Sikugomba, nilimuuliza tu kwa nini. Jibu lake nimeliandika kama alivyolisema: “Simu inaliaka, njo najua uko muzima. Sasa ulikataza. Ningejua namna gani?”

Sentensi ile ya kwanza imenifanya nisome upya mambo niliyoyakariri kwa ajili ya mtihani.

Emanuel Schegloff, katika makala yake ya mwaka 1968 kuhusu namna mazungumzo yanavyofunguliwa, alichunguza mianzo ya simu kama mia tano zilizorekodiwa kwenye kituo cha polisi. Kanuni yake ya mwanzo ilikuwa kwamba anayepokea ndiye anayesema kwanza. Simu moja tu kati ya zote haikuifuata, na badala ya kuitupa alibadili maelezo yake yote. Akasema mlio wa simu wenyewe ni mwito, kama kumwita mtu kwa jina, na “allo” ni jibu la mwito. Mwito unadai jibu. Mtu akikuita “Mama Kalumba!” kisha akanyamaza, huwezi kuendelea kupepeta unga, unageuka.

Kwa maelezo hayo kero ya bip inaeleweka. Bip ni mwito unaojiondoa kabla hujajibu. Aliyebipwa ameitwa na kuachwa katikati, na deni la kujibu limebaki mikononi mwake. Ndiyo maana nilikuwa naruka kitandani. Sikuwa na chaguo jingine, au ndivyo nilivyohisi.

Lakini Schegloff alieleza upande wa anayeitwa na anayeita wakiwa wamefikiana. Mama yangu alikuwa anasikia kitu kingine kabisa. Yeye akipiga, kabla ya mimi kugusa simu, tayari kuna mambo mawili yanayoweza kumfikia: ama mlio unaotulia na kurudi, ama ile sauti ya kike inayosema kwa Kifaransa kwamba nambari haipatikani. Akisikia mlio, amejua: simu ina moto, haijaibwa na kuzimwa, mwenyewe yupo mahali penye mtandao. Kwake jibu limekwisha kufika. Anakata kwa sababu amejibiwa. Mimi Lubumbashi naona mtu ameuliza na kukimbia. Yeye Likasi amesikia nikimjibu, anafunga kitambaa na kwenda sokoni. Nilikuwa nasema kila alfajiri bila kujua kwamba ninasema.

Nilipompigia kuuliza kuna nini, kwa macho yake nilikuwa mtoto anayepoteza inite ili kujibu mara ya pili. Sasa naelewa kwa nini sauti yake ilikuwa na haraka vile.

Malinowski, mwaka 1923, aliwaonyesha wasomi wa Ulaya kwamba maneno mengi ya watu hayabebi habari: ni ya kuwaunganisha tu, kama salamu na maneno ya hali ya hewa. Roman Jakobson, mwaka 1960, aliliweka jambo hilo kati ya dhima zake sita za lugha, akasema kuna usemi ambao kazi yake ni kufungua njia ya mawasiliano na kuhakikisha kwamba iko wazi. Tulijifunza hayo kwa mfano wa “allo”. Naona bip ni mfano ulio safi zaidi, kwa sababu “allo” bado ni neno, lina sauti ya mtu, unaweza kusikia kama ana mafua. Bip imeacha yote, imebakiza njia peke yake. Na mtu aliyeishi Likasi miaka ambayo barua ilisubiri msafiri anajua thamani ya njia iliyo wazi kuliko mimi niliyezaliwa simu zikiwa mezani.

Sisemi kwamba kila bip ni takatifu. Yule binamu wa usiku wa manane alikuwa anataka shati langu la harusi, nami bado naona kumbipa aliye maskini kama wewe ni kumsukumia mzigo huku ukimwita tajiri. Ninachosema ni kwamba nilizisoma bip zote kama za aina ya kwanza. Mtu akizoea kuombwa, kila mlango ukigongwa anasikia ombi.

Mwenzangu mmoja wa semina alipinga nilipotoa maelezo haya. Alisema kubipa kunakufa, sasa kuna WhatsApp. Ni kweli kwa wenye mega. Lakini mega zinakwisha kama inite, na nimewaona wenye WhatsApp wakipiga mlio mmoja na kukata, ingawa mazungumzo yenyewe yasingewaongezea gharama ya kuhesabika. Huko India “simu iliyokoswa” iligeuka hata kura: mwaka 2011 wafuasi wa Anna Hazare walionyesha kuunga mkono vita vyake dhidi ya rushwa kwa kupiga nambari na kukata, na kampuni iliyoendesha mambo ya namna hiyo, ZipDial, ilinunuliwa na Twitter mwaka 2015. Kilichoanza kama kubana senti kinaweza kubaki hata senti zikipatikana.

Nyumbani tumepatana. Mama anabipa alfajiri, nami nambipa baada ya dakika moja, ili naye nijue simu yake ina moto. Mara moja tu alikosea akaipokea. Nilimsikia akishtuka: “Aa! Nilikamata bip yako! Pole, mwanangu, pole!” akakata haraka kana kwamba ameshika sufuria la moto. Inite zilikatwa, nami nilicheka peke yangu kitandani.

Tatizo nililobaki nalo ni la maandishi. Kwa kazi yangu ya mwisho ninakusanya mazungumzo ya simu ya familia yetu, na ninayaandika kwa alama alizobuni Gail Jefferson. Zina alama ya kunyamaza, ya kudakiana maneno, ya kuvuta pumzi. Kwa bip sijapata. Msimamizi wangu anataka niandike “simu inalia” kwenye mabano, kama kelele ya gari linalopita. Nimekataa, kwa sababu kelele haina msemaji, na hii inaye. Lakini nikiiandika kama zamu ya mama, itanibidi niandike pia zamu yangu inayoifuata, ile niliyoisema nikiwa usingizini. Kwa sasa nimeweka jina lake upande wa kushoto, chini yake jina langu, na mbele ya majina yote mawili sijaandika kitu. Karatasi imerudi jana na alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu.